Kava la karavani kuanzia masika hadi kusi iishe: la kununua au la kushonesha?

Bahari_Mtwapa

Assalam aleykum. Karavani yangu, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, inalazwa kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Septemba, haitavutwa kabisa. Naomba ushauri wa kava kabla masika hayajashika.

Vipimo ni hivi: bodi urefu mita 5.0 bila mkono wa kuvutia, upana mita 2.2, na paa liko mita 2.5 kutoka ardhini. Ngozi ya nje ni alumini juu ya fremu ya mbao, madirisha ni ya akriliki. Juu ya paa kuna matundu mawili ya hewa yenye vifuniko, paneli ya sola ya wati 100, na antena. Imeegeshwa Mtwapa, kama mita 300 kutoka ufuoni, chini ya mwembe mkubwa, juu ya changarawe.

Nimeona njia tatu. Kuna kava za kuagiza Marekani, za polipropilini tabaka tatu, zinazouzwa kwa ajili ya majira ya baridi. Kuna turubai la PVC la malori, ambalo fundi wa malori atalikata siku moja akamaliza. Na kuna kanvasi. Lipi litafaa, likatwe vipi, na lifungwe vipi lisichukuliwe na kusi?

FundiTanga

Wa aleykum salaam shekhe. Usianze na kitambaa. Anza na kujua karavani unaikinga na nini. Lile kava la Marekani limebuniwa kwa pahali ambapo theluji hukaa juu ya paa wiki kadhaa na jua la majira hayo ni la kuotea tu. Mombasa iko nyuzi 4 kusi ya ikweta. Jua hutupita utosini Machi na Oktoba, na hata katikati ya mwaka halijapoa hivyo. Theluji hatuna, tuna jasho, yaani umande unaotoka hewani, na kwa karavani ya fremu ya mbao jasho ni baya kuliko mvua yenyewe, kwa sababu mvua unaiona inapoingia.

Hesabu yake: hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 26. Paa likipoa nyuzi nne tu usiku, maji yanatoka hewani bila wingu. Funika hapo turubai lisilopumua: mvuke wa ardhini unapanda, wa magodoro unatoka, vyote vinaishia kwenye tumbo la turubai na kudondoka tena juu ya paa. Asubuhi nje pakavu, ndani panatiririka. Maji hayo huingia kwenye matundu ya skrubu na viungio vya alumini, na mbao za ndani hazipati nafasi ya kukauka tena. Kuvu huota kwa siku chache tu.

Kwa hiyo PVC iliyofunga kuta zote, hapana. Na ina ubaya wa pili: vilainishi vilivyomo kwenye PVC huhamia kwenye plastiki iliyogusana nayo juani, na madirisha ya akriliki hubaki na madoa au nyufa nyembamba kama utando wa buibui ambazo hakuna msasa utakaozitoa.

Polipropilini tabaka tatu hupumua vizuri, hilo ni kweli. Uzuri wake uko kwenye tabaka la katikati, ambalo lina vitundu vidogo vya kupitisha mvuke bila kupitisha tone. Lakini kitambaa hicho hakikufumwa, kimegandamizwa kwa moto, na miale ya urujuanimno hukila. Dalili ya kwanza ni unga mweupe mkononi ukikipangusa. Baada ya hapo kinachanika kama karatasi ya msalani. Soma maelezo kwa makini pia, kwa kuwa nyingi zina tabaka tatu paani tu na kuta ni tabaka moja. Ukilinunua hata hivyo, angalia kipimo. Marekani urefu wa trela unaotangazwa mara nyingi ni pamoja na mkono wa kuvutia, ila kava huenda likapimwa kwa bodi peke yake. Bodi yako ni futi 16 na nusu kasoro. Kava lililozidi futi mbili litapiga makofi usiku kucha.

Chaguo langu ni kanvasi ya pamba iliyochanganywa na poliesta, yenye nyuzi za kuzuia mchaniko, uzito wa gramu 400 hivi kwa mita mraba, iliyotiwa dawa ya kuzuia maji na kuvu. Ukiweza kupata kitambaa cha akriliki kinachotumika kwa mahema ya mashua, ambacho rangi imetiwa kwenye uzi kabla haujafumwa, hicho ndicho kinachostahimili jua kuliko vyote, ila bei yake utaisikia.

Dukani usiamini lebo. Mimina maji moto kwenye kikombe, kifunike kwa kipande cha kitambaa, kisha juu yake pindua glasi kavu. Glasi ikiingia ukungu kwa ndani, kitambaa kinapumua. Isipoingia, umeuziwa plastiki iliyovishwa sura ya kanvasi. Halafu kipande hichohicho kitengeneze kibonde, utie maji, ukiache nusu saa. Chini pawe pakavu, na usikiguse kwa kidole wakati huo, maana kanvasi ikiguswa upande wa chini ikiwa na maji huanza kuvuja pale ulipogusa.

Bahari_Mtwapa

Ahsante Ami. Kanvasi basi. Ni mita ngapi, na fundi nimwambie akate vipi? Nisije nikabaki na hema badala ya kava.

FundiTanga

Kava liishie sentimita 40 juu ya ardhi ili hewa ipite chini na panya asipate pazia la kujificha. Kila ubavu basi unashuka mita 2.1. Paa usililaze bapa, litainuliwa kwa matao yenye mwinuko wa sentimita 30, na tao la hivyo juu ya upana wa mita 2.2 lina urefu wa mita 2.3. Jumla upindo hadi upindo: 2.1 na 2.3 na 2.1, mita 6.5. Ongeza sentimita 8 za upindo kila upande, 6.66. Kanvasi yenye pamba hunywea ikilowa mara ya kwanza, weka asilimia 3 ya kunywea. Kata mita 6.9.

Kitambaa cha upana wa mita 1.5 ukitoa sentimita 3 za mshono kinabaki 1.47. Urefu wa bodi na nafasi kidogo na kunywea ni mita 5.25, kwa hiyo unahitaji mapande manne yanayovuka kutoka ubavu hadi ubavu. Hayo ni mita 27.6. Uso wa mbele na wa nyuma, kila mmoja mapande mawili ya mita 2.6, jumla 10.4. Nunua mita 39. Pande la nne litaacha utepe wa sentimita 60 hivi: usimwachie fundi, humo ndimo hutoka viraka vyote na ulimi wa kufunika zipu.

Mapande yavuke ubavu kwa ubavu, yasiende mbele na nyuma. Fundi wa malori atapenda kuyalaza kwa urefu kwa sababu mishono inapungua, lakini hapo kila mshono unakaa kama boma la kuzuia maji yanayoteremka. Yakivuka, mshono unashuka pamoja na maji. Pale paa linapokutana na uso wa mbele na wa nyuma, cha juu kilalie cha chini, kama makuti yanavyolaliana. Ukigeuza, maji yataingia kwa ndani.

Mshono ni wa kukunja mara mbili, safu mbili za uzi, hatua ya milimita 4 hadi 5. Hatua ndogo kuliko hiyo hutoboa kitambaa kama stempu na kikavutwa na upepo kinafuata matundu. Uzi uwe poliesta mnene. Nailoni ina nguvu mkononi lakini jua huimaliza mapema, na hapo kitambaa kizima kitabaki kimefumuka. Sindano namba 18. Cherehani ya nguo za kawaida haitavuka pale mikunjo minne inapokutana, tafuta anayeshona turubai au matanga.

Pete za kamba ziwe shaba ya manjano, milimita 12, kila sentimita 50 kwenye upindo, na kila moja ipigwe kwenye tabaka tatu za kitambaa angalau. Nenda na sumaku. Pete nyingi za rangi ya dhahabu ni chuma kilichopakwa. Sumaku ikishika, rudisha. Karibu na bahari hivyo, kutu yake itakula kitambaa pembeni na pete itatoka na tundu kubwa kuliko yenyewe. Zipu iwe ya plastiki ya meno makubwa, namba 10, upande wa mlango, ifunguke kutoka chini hadi juu ya mlango ili uingie kukagua bila kuvua kitu. Zipu ya chuma hapa usithubutu.

Likishashonwa lilowesheni kabisa kwa mpira, likauke, lilowe tena. Pamba huvimba na kuziba matundu ya sindano. Ukiruka hatua hii, mvua ya kwanza itavuja kwenye kila mshono nawe utamlaumu fundi bure.

Shimanzi_Cargo

Kwa heshima, Fundi, PVC umeihukumu haraka. Gramu 600 kwa mita mraba inakaa miaka juu ya malori yanayotoka bandarini, jua hilohilo na chumvi hiyohiyo. Kasoro ni kuifungia kuta. Ikiwa paa tu, imeinuliwa isiguse bodi na kuta ziko wazi, jasho litatoka wapi?

FundiTanga

Hapo hatugombani. PVC kama mwavuli, sentimita 15 au zaidi juu ya paa, ikizidi sentimita 40 kila upande, ni kazi nzuri. Lakini mvua ya kusi haishuki wima, inakuja imelala. Mbavu zitapigwa, na mvua yenye chumvi kwenye mipira ya madirisha miezi mitano si kitu cha kupuuza. Anayetaka yote mawili ashone paa la PVC na kuta za kanvasi zinazoning'inia ndani ya ukingo wake, huku pengo likiachwa kati ya paa na ukuta mzunguko wote. Hesabu na uzito: mita 39 za kanvasi ni kilo 23 hivi zikiwa kavu, PVC ya upana huohuo ni kilo 35. Mtu mmoja ngazini na kilo 35 na upepo, hapo mnatafuta msiba.

UpepoWaKusi

Ngoja niingilie kwenye matao na kufunga, kwa sababu kava zuri lililofungwa vibaya linaharibu kuliko kutofunika.

Kwanza mwinuko. Dimbwi la mita 2 kwa 1.5 lenye kina cha sentimita 5 tu ni lita 150, yaani kilo 150 zimekaa juu ya paa la karavani. Likishabonyea kidogo linakaribisha maji zaidi, na litaendelea hivyo mpaka paa lipasuke au kava. Isitoshe, dimbwi ni kitalu cha mbu anayeeneza homa ya dengi, ambayo Mombasa imeipata zaidi ya mara moja.

Matao manne yanatosha: moja kila ncha, mawili katikati, umbali wa mita 1.6 hivi. Tumia bomba la maji la plastiki la inchi 1 lenye ukuta mnene, mita 2.3 kila moja. Bomba hukunjika likajaribu kunyooka, kwa hiyo funga kamba kutoka ncha hadi ncha kama upinde wa mshale, mwanya uwe mita 2.2. Ncha zikae juu ya ukingo wa paa, mahali ukuta unapobeba, sio katikati ya paa. Juu ya matao laza bomba la inchi 2 lenye urefu wa mita 5 kuwa mgongo (linauzwa kwa mita 6, mita moja inabaki), ulifunge kwa kamba kwenye kila tao. Usitumie waya, waya utatoboa. Plastiki hulegea ikipata joto, ndiyo sababu matao ni manne na sio mawili. Mwanzi mkavu ni mbadala mzuri, ila pitisha kisu kwenye vifundo vyote.

Chini ya kila ncha funga lapa kuukuu. Sifanyi mzaha. Soli ya ndara ni laini, haiozi, na haitelezi juu ya alumini. Malapa hayohayo yakatwe yavishwe kila pembe inayochoma: ncha za mifereji ya paa, kona za paneli ya sola, bawaba za vifuniko vya hewa, vishikio vya mlango. Antena ishushwe, na kama haishuki ivishwe mpira wa tenisi uliotobolewa. Pitisha kiganja juu ya bodi yote ukiwa umefumba macho. Palipokukwaruza ndipo kava litakapotoboka.

Pili usafi. Osha bodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni kidogo, suuza, acha ikauke kutwa nzima. Vumbi la matumbawe na chembe za chumvi zikibaki chini ya kitambaa kinachotikisika zinafanya kazi ya msasa, na akriliki ndiyo inayokwaruzika mwanzo. Pachika kitambaa laini cha pamba juu ya kila dirisha. Usipake grisi wala mafuta ya petroli kwenye mipira, huivimbisha. Silikoni ya dawa ndiyo sawa.

Tatu kuvisha. Chagua asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala, na watu watatu. Kava likunjwe kwa mtindo wa kuvingirisha mkeka, kuanzia nyuma kwenda mbele, lipandishwe limekunjwa mpaka ukingo wa mbele wa paa, kisha likunjuliwe kuelekea nyuma juu ya matao huku wawili chini wakivuta mbavu sawasawa. Likivutwa upande mmoja mwanzo, matao yote yanalala. Hakuna mtu kukanyaga paa.

Nne mikanda. Minne inapita chini ya tumbo, poliesta ya upana wa milimita 40, mmoja kila mita 1.2 hivi. Ili kuupitisha bila kujivingirisha kwenye changarawe, funga ncha kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa uitupe itelezee upande wa pili. Upite juu ya mabomba ya gesi? La, uyakwepe kabisa, ukaze kwenye chasisi au uende hadi upande wa pili. Bizimu ziwe za plastiki na zikae chini ya ukingo wa bodi, zisiigonge ngozi ya alumini. Racheti ya lori haifai. Mkono mmoja mzito nayo na umeshapinda ukingo wa paa. Mwisho wa kila mkanda tia kitanzi cha blada ya mpira ili upate kunyumbuka upepo unapovuma kwa mikupuo. Blada hukauka juani, badilisha kila baada ya miezi miwili au ukiona nyufa.

Tena pitisha kamba ya milimita 8 ndani ya upindo wote wa chini, ikazwe mbele na nyuma. Wengine huning'iniza mawe au madumu ya maji kwenye pete. Usifanye. Kusi ikishika, Juni na Julai, dumu linakuwa nyundo.

Mkao nao: geuza karavani uso wake mwembamba, mbele au nyuma, uelekee kusini-mashariki. Ubavu wa mita 5 ukikingama upepo ni tanga, na tanga kazi yake tunaijua.

Bahari_Mtwapa

Shukran sana. Kwenye uso wa mbele na wa nyuma kuwe na matundu ya hewa au kanvasi yenyewe yatosha? Na sola ikifunikwa, betri?

FundiTanga

Matundu yawepo. Mawili kila uso, juu kabisa karibu na mgongo, sentimita 30 kwa 20, yashonewe wavu wa mbu na juu yake kofia ya kitambaa inayoshuka sentimita 15 na kushikwa wazi kwa kipande cha bomba. Hewa ya joto inatoka juu, ya chini inaingia. Bila njia ya juu, kule kupumua kwa kanvasi ni kidogo mno kwa hewa ya huku.

UpepoWaKusi

Betri itoe. Paneli iliyo gizani haitoi kitu, na betri ya risasi hujimaliza yenyewe haraka zaidi kwenye joto, takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Iweke ndani ya nyumba, ipimwe kila mwezi. Ikiwa imejaa itasoma volti 12.6 au 12.7; ikifika 12.4 ichaji. Kutoa waya wa betri tu ukiacha paneli imeungwa na kidhibiti cha chaji ni njia ya kuunguza vidhibiti vingine, kwa hiyo tenga paneli kwanza, betri baadaye.

Ndani: friji wazi kwa kijiti, magodoro yasimamishwe kwa ubavu yasiguse ukuta, makabati yote wazi. Tangi na mabomba ya maji yamwagwe. Kule kwenye baridi wanayamwaga ili yasigande na kupasua mabomba. Huku ni kwa ajili ya ute na mbu. Gesi ifungwe kwenye mtungi, na mtungi utolewe. Zile chumvi za kunyonya unyevu zinazouzwa kwenye vikopo, achana nazo kama matundu ya hewa yako wazi, utakuwa unakausha Bahari ya Hindi. Zikijaa na kumwagika, maji yake hula chuma.

MwembeNaKunguru

Hakuna aliyetaja mwembe wenyewe. Kivuli chake kizuri, lakini toka chini yake, angalau mita mbili nje ya ncha za matawi. Utomvu wa mwembe haubanduki kwenye kanvasi, kinyesi cha popo kinaacha doa la kudumu, na majani yanayooza juu ya kitambaa hula dawa ya kuzuia maji mahali hapohapo. Matawi makavu nayo huanguka wakati wa kusi. Sisimizi huvuka kwa tawi lililogusa kava kama daraja.

Kunguru ni shughuli nyingine. Hunyofoa mipira, hudonoa povu lolote wanaloliona, na hupenda kamba nyembamba kujengea viota. Povu na malapa yote yafunikwe na kava, kisionekane kitu. Ncha za kamba zichomwe na kufichwa ndani ya upindo. Tundu la friji na la jiko yazibwe kwa wavu mzuri kabla ya kufunika, nyigu wa udongo anahitaji siku chache tu kujenga ndani ya bomba la gesi la jiko.

Na magurudumu: usiyapandishe juu ya mbao moja kwa moja kwenye changarawe, mchwa watazipenda. Tumia vibamba vya zege. Jaza upepo hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, yafunike kwa kitambaa cheupe, na kila mwezi yazungushe robo. Pua ya karavani iinuliwe kidogo kuliko mkia ili maji yateremke nyuma. Miguu ya pembe ishushwe iguse tu, isiinue uzito.

Shimanzi_Cargo

Mwenye nafasi na mpango wa kukaa na karavani miaka, mimi ningejenga banda. Nguzo sita zilizotiwa dawa, zege la kina cha sentimita 60, eneo la mita 7 kwa 3.5, upande wa chini mita 2.8 na wa juu 3.3. Bati la geji 28 lililopakwa zinki na alumini, maana geji 32 ni jembamba na chumvi italila mapema. Ukutani hakuna kitu. Hapo kava linabaki shuka la pamba la kuzuia vumbi.

FundiTanga

Ni kweli, na kivuli cha bati kinamrefushia kanvasi umri pia. Ila bati lililo karibu na bahari lipigiliwe skrubu zenye mipira kila mgongo wa wimbi ukingoni, sio kila mgongo wa tatu kama wanavyofanya bara. Kusi hung'oa kuanzia ukingo.

Bahari_Mtwapa

Banda ni la mwakani, inshallah. La mwisho: nikague mara ngapi, na nikikuta kuvu?

UpepoWaKusi

Wiki ya kwanza baada ya mvua kubwa ya kwanza, kisha kila wiki mbili, na kila unaposikia upepo umegeuka. Ingia kwa zipu saa moja asubuhi, sio mchana, maana mchana jasho limeshakauka na utadhani mambo ni mazuri. Pangusa paa la ndani kwa kiganja, nusa makabati, bonyeza plaiwudi za kona za chini. Ukikuta kiganja kimelowa, ongeza matundu ya juu au nyanyua upindo sentimita 10 zaidi.

Kuvu ya ukutani pangusa kwa siki nyeupe, acha saa moja, suuza, kausha. Ya kwenye kanvasi brashi laini ikiwa kavu, kisha siki na maji nusu kwa nusu. Klorini usiisogeze, inaua kuvu pamoja na uzi.

FundiTanga

Baada ya kusugua, pale mahali dawa ya kuzuia maji imeondoka. Paka upya kabla mvua haijarudi, kitambaa kikiwa kimekauka kabisa. Na Septemba ukilivua, livue alasiri ya jua baada ya siku mbili bila mvua, litandaze lipigwe jua pande zote mbili, kisha ulivingirishe juu ya bomba la mgongo badala ya kulikunja. Mikunjo ya pahali pamoja ndipo kanvasi huanza kuvuja mwaka wa pili.